Visigino Kabla ya Hina

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki na doti ya khanga, mkaniomba niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Wengine mkadhani nimezidiwa na machozi. Sikuzidiwa na kitu. Mimi kusimama mbele ya watu na kipaza sauti sikuzoea. Nimezoea kuinama miguuni kwa mtu mmoja na kusema naye polepole. Sasa nipo nyumbani kwangu hapa Kariakoo, hakuna anayenisubiri kwenye korido, nimeona niyaandike yale niliyotakiwa kuyasema. Shule niliishia darasa la tano. Atakayekuta kosa alisahihishe kimoyomoyo aendelee mbele.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Hayo hayakunichubua mikono.

Kliniki ya ngozi niliingia nikiwa mfagiaji. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, dekio na chumba cha mwisho kwenye korido, chumba cha vidonda. Nilipofungua mlango harufu ilinipokea kabla ya watu. Nikavuta ncha ya mtandio nikaziba pua. Ndani palikuwa na mzee amekaa kwenye kigoda, mguu wa mgonjwa umelala mapajani mwake kama mtoto mchanga. Huyo ndiye Mzee Kondo, mfunga vidonda wetu. Hakunyanyua uso. Alisema tu, "Binti, ukiziba pua, huyu mwenzio amekuona."

Nikashusha mtandio, na mle ndani sikuupandisha tena mpaka nastaafu. Harufu mtu unaizoea. Jicho la mgonjwa aliyekuona umeziba pua hulizoei.

Mzee Kondo alinitoa kwenye dekio kidogo kidogo. Kwanza nilimshikia beseni. Baadaye akaniachia kuchemsha vibano na mikasi. Akaja akaniruhusu kulainisha bandeji. Bandeji iliyogandana na kidonda haivutwi, inalowekwa kwa maji ya chumvi, na wakati inalowana unaongea na mgonjwa habari za kwao, za mpira, za bei ya nazi, mpaka bandeji yenyewe iachie. Mtu mwenye haraka Mzee Kondo alimtoa nje ya chumba, hata awe amevaa nini. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, taa ya kuinamisha shingo, na kile kigoda cha mti alichokuja nacho kutoka kwao Kisarawe. Kigoda bado kipo, chini ya sinki. Atakayekitupa nitamjua.

Katika wagonjwa wake ninayemkumbuka zaidi ni Rajabu. Rajabu alikuwa na ualbino, na aliuza viatu vya mitumba pale Mchikichini. Kiatu cha kushoto anakuonyesha, cha kulia amekificha mpaka mpatane, usije ukaondoka navyo. Alikuja kwetu na kidonda nyuma ya sikio. Alikuwa amekifunika kwa kofia muda mrefu, maana kilianza kama upele, na upele nani anaupeleka hospitali? Mahali alipopanga viatu vyake palikuwa pazuri kwa wateja na pabaya kwa ngozi yake, jua linampiga tangu asubuhi mpaka anafunga. Kumbe ni saratani, na ilikuwa imeshaingia ndani. Tulimfunga kwa miezi. Alikuwa akimwambia Mzee Kondo kwamba bandeji anazofungwa ni ndefu kuliko shuka lake la nyumbani. Tulicheka naye mpaka siku ambazo hakuweza tena kucheka.

Alipofariki, Mzee Kondo aliosha vyombo vyote, hata vile ambavyo havikutumika. Ndipo akaniambia, "Mwantumu, sisi kazi yetu ni kufunga. Anatakiwa mtu wa kwenda kuwatafuta kabla hawajahitaji kufungwa."

Miaka ilipita. Mzee Kondo alistaafu, akaniachia kigoda na taa. Watu wa kwenda kutafuta wakaja kweli, ila walikuja na makoti meupe.

Nawapenda watafiti. Nawaambia sasa kwa kuwa nimeshaondoka na hamwezi kunidekea. Lakini mnapokuja wapya mna vituko. Kuna kijana mmoja, sasa ni daktari mkubwa, simtaji, alikwenda kusimama Mnazi Mmoja na koti lake jeupe na kikurunzi, akawa anawasimamisha wapita njia awatazame ngozi. Hakukaa sana akawa na foleni. Alirudi ana furaha hadi alipotueleza watu walikuwa wanauliza nini. Walidhani anauza dawa ya nguvu. Nilimpa chai, nikamwambia kesho aache koti.

Baada ya hapo mkuu wa kliniki akaniita. Akasema, Bi Mwantumu, hawa vijana wanaijua ngozi, lakini hawaijui mitaa. Wewe ni mtu wa hapa, watembeze. Ndiyo nikawa na kazi ambayo haina jina mpaka leo. Wengine waliniita mwenyeji, wengine mwalimu, mmoja aliniita mratibu nikamkataza.

Tulichokuwa tunatafuta ni hiki. Ndugu zetu wenye ualbino saratani huwajia pale jua linapowapiga, usoni, masikioni, shingoni. Sisi weusi iko ambayo inapenda kujificha pengine: chini ya unyayo, kwenye kiganja, chini ya ukucha. Inaanza kama doa jeusi, na doa lenyewe haliumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana mtu wa Dar asiyeumwa hana muda wa hospitali. Anakuja doa likishakuwa kidonda, na kidonda kikishapeleka habari zake mwilini kote.

Basi inabidi uone unyayo. Na unyayo wa mtu, kwetu watu wa pwani, hauonyeshwi ovyo. Ukikaa mbele ya mkubwa unakunja miguu, humwelekezei nyayo zako. Sasa wewe mgeni unamwambia mama wa watu anyanyue mguu akuelekezee usoni. Wengi wenu mlifukuzwa kwa hilo na mkaja kuniambia jamii ni ngumu. Jamii si ngumu. Nilichowafundisha ni kwamba unavua viatu vyako mlangoni, unaamkia, unakaa chini, unakubali maji hata kama huna kiu. Halafu unageuza mguu wako mwenyewe unauonyesha: nataka kuona hapa, na hapa, na katikati ya vidole. Wakishaucheka mguu wako watatoa wao.

Mwaka mmoja akaja Aika, daktari mgeni.

Aika ni mtoto wa Moshi, mrefu, mpole, sauti ndogo kama anaomba njia. Nyumba ya kwanza niliyompeleka alikanyaga mkeka na viatu. Sikusema kitu, nilivitazama tu vile viatu. Akavivua. Nyumba ya pili alimpa mkono bibi wa watu kabla ya shikamoo. Nilikohoa. Nyumba ya tatu aliamkia mpaka paka. Nikajua huyu ataweza.

Nilimbebesha kigoda. Tulizunguka Kariakoo, Gerezani, tukashuka hadi Ilala, mimi mbele na mtandio wangu, yeye nyuma na kigoda kichwani kama anahama. Vijana wa madukani wakawa wanamwita, "Daktari, mambo? Leo umehamia wapi?" Anajibu poa na anacheka. Lakini alikuwa na jambo lake la kunichosha, kuuliza. Anauliza mbona huyu mama amesema atakuja na hatakuja. Anauliza kwa nini pale penye pazia lililoshushwa hatukuingia. Nilimwambia, "Wewe mtoto, mwingine angekuwa ameshalala anapumzika, wewe unaniuliza habari za mapazia."

Tukafika kwa Bi Tatu.

Bi Tatu ni shoga yangu tangu tuko wasichana. Anakaanga samaki pale Feri, na kwa kukaanga samaki amesomesha watoto wake wote. Tulimkuta nyumbani siku chache baada ya sikukuu. Binti yake wa mwisho alikuwa amechumbiwa na mtoto wa watu wenye duka la vitambaa, watu wazito, na Bi Tatu hakuwa na habari nyingine mdomoni. Aika akavua, akaamkia, akakaa, akanywa maji, akageuza mguu. Alifanya vizuri mpaka nikajisikia raha. Bi Tatu naye akatoa wake.

Ulikuwa mweusi. Unyayo mzima umepakwa hina ikapigwa juu yake piko, ile nyeusi ya madukani, na kisigino cha kushoto kimekolezwa hadi kinang'aa. Aika akainama na kikurunzi chake chenye kioo cha kukuza. Akatazama na kugeuza, kisha akanitazama mimi. Kuona kitu hapo ilikuwa sawa na kutafuta kunguru kwenye lami.

Nilimwambia ndivyo ilivyo, wanawake wa huku baada ya sikukuu wote wako hivyo, tunasubiri hina ichakae tunarudi. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya miaka yote. Hata hivyo kila hina ikichakaa inakuja harusi nyingine, na mtu unaweza kurudi mlangoni kwake mwaka mzima na usiuone unyayo wake. Hilo sote tulilijua na hatukuliona kuwa ni tatizo. Tuliona ni msimu.

Tulipotoka nje Aika akauliza, "Bibi, nani alimpaka?"

Nilimuuliza kwani anataka kupakwa na yeye. Akasema hapana. Akasema aliyempaka aliuona mguu huu ukiwa mtupu.

Nilisimama. Nimezaliwa mtaani humu, nimepakwa hina tangu sijajua kuhesabu, na swali hilo halijawahi kunijia. Labda lilihitaji mtu ambaye kwao hawapaki. Nilimchukua moja kwa moja hadi kwa Zuhura.

Zuhura ndiye mpaka hina wa mtaa mzima. Mabiharusi wote wa karibu wanapita mikononi mwake, na anajua ya miilini mwa watu kuliko mkunga. Hasemi. Akianza kusema leo, kesho hana mteja. Alitukaribisha huku anakoroga bakuli lake. Nilipomweleza tunachotafuta alisema kwa adabu kabisa, "Mama, mguu wa mteja siusemi."

Aika hakumbembeleza. Alimwambia hatuulizi mguu wa mtu, tunakuja kumfundisha tu. Akageuza unyayo wake akamwonyesha: doa la kuzaliwa nalo linakuwa hivi, limetulia, mviringo wake umekaa vizuri. Likiwa linapanuka upande mmoja, rangi yake haifanani, ukingo umetafunika kama karatasi iliyoliwa na mende, hilo tunalitaka mapema. Zuhura alisikiliza. Mkono wake ulikuwa unakoroga, halafu ukawa haukorogi tena.

"Na likiwa la kuungua?" akauliza. "Mtu akiwa ameungua mafuta ya kukaangia?"

Aika akafikiri kidogo. "Mafuta yanaingiaje chini ya kisigino, dada?"

 Zuhura aliweka bakuli chini, akafunga khanga yake vizuri, akasema aliambiwa akoleze pale, na alikoleza mara mbili, na halikutaka kufunikwa kwa sababu limenyanyuka kidogo. Jina hakulitaja. Haikuhitajika.

Nataka mlielewe jambo hili vijana, maana ndipo kazi ilipokuwa. Kujua si mwisho. Tulikuwa tumeshajua, na mguu ulikuwa bado wa Bi Tatu.

Asubuhi tukaenda Feri. Alikuwa kwenye moto, karai limejaa vibua. Mimi na yeye hatuna salamu ndefu, nikamwambia tumekuja kwa ajili ya kisigino. Akasema kisigino gani. Nikamwambia kile alichokikoleza. Akageuza samaki.

Aika akafanya kitu ambacho sikumtuma. Aliweka kigoda chini pale pale kwenye magamba na maji ya samaki, akakaa, akavua kiatu, akamgeuzia unyayo. Bi Tatu aliuangalia kwa uvumilivu wa mtu anayeangalia bidhaa mbovu.

"Daktari mzima una magaga namna hiyo?"

"Nimeenda shule bila viatu mpaka darasa la sita, mama. Migombani, kwenye matope."

"Sasa si upake hata mafuta? Utamkwaruza mume."

"Sina mume, mama."

"Si ndiyo nakwambia."

Wakaanga samaki wenzake wote wakacheka, na Bi Tatu mwenyewe akacheka, na katika kule kucheka akavuta ndoo akakaa, akasema kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia kwake tangu amzike mumewe. Alisema doa analo tangu kabla ya mfungo wa mwaka juzi. Alisema haliumi. Alisema watu wa dukani wakisikia neno kansa watasema iko kwenye damu ya ukoo, watamwacha mwanawe hata hawajamwoa. "Harusi ipite," akasema. "Ikipita, mnikate mpaka goti mkitaka."

Aika alimweleza taratibu. Kwamba hatujui bado kama ni saratani, kwanza kinakatwa kipande kidogo sana kwa sindano ya ganzi, kinapelekwa kupimwa. Kwamba ikiwa ndiyo, na haijatembea, inaondolewa pale pale kisiginoni na mtu anabaki na mguu wake. Kwamba hawezi kumwahidi ikisubiri itakuwa imefika wapi. Alisema yote kwa ile sauti yake ndogo, hakumtisha na hakumdanganya. Nilikuwa natamani Mzee Kondo angekuwepo amsikie.

Mimi sina sauti ndogo. Nilimwambia, "Tatu, hilo doa halina habari kama kuna harusi."

"Na wewe huna binti wa kuolewa."

"Sina. Ila harusi inataka mama wa biharusi awepo. Akae, asimame, achechemee, lakini awepo. Hata wajukuu watataka bibi."

Sikumwambia kwamba wakwe hawatasema. Watu watasema nini mimi sijui, na tangu nianze kazi sijawahi kumuahidi mgonjwa mdomo wa mtu mwingine.  Bi Tatu akainuka akasema samaki wake wanaungua kwa ajili yetu, tuondoke.

Siku iliyofuata alikuwa kwenye benchi la kliniki kabla hata ya mfagiaji. Amejitanda khanga mpaka machoni kama anakwenda kuiba.

Kipande kilikatwa, nikamfunga mwenyewe. Majibu yalipotoka, ilikuwa ndiyo. Walimpapasa kinena hakukuwa na mitoki, wakampima kwingine, ikaonekana haijatoka pale ilipo. Daktari wa upasuaji akampa siku ya karibu, na siku hiyo ilikuwa kabla ya harusi. Aika alikuja kuniambia huku anakwepa macho yangu. Nikamwambia kulia ni ruhusa, lakini chooni, si mbele ya mgonjwa, halafu nikaenda naye hukohuko.

Bi Tatu alikubali. Sijui alipambana na nini usiku ule, hakuniambia na sikumuuliza. Waliondoa doa lote na nyama ya pembeni yake, wakapachika ngozi waliyoichukua pajani. Tukapatana tutakachosema: amechomwa na mwiba wa samaki, ukaoza. Mkaanga samaki kuchomwa na mwiba ni jambo la kila siku. Ni uongo mzuri, nilishiriki kuutunga.

Kabla ya harusi ilifika siku ya singo, wanawake tupu, biharusi anasuguliwa na kupakwa hina na wageni nao wanapakwa. Sebule ya Bi Tatu ilijaa mpaka watu wamekalia kizingiti. Bi Tatu alikuwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli na bandeji niliyoifunga asubuhi ile, magongo ukutani. Aika naye alialikwa, amekaa kona amevalishwa dera linalomfika kwenye muundi. Zuhura yuko katikati na mabakuli yake.

Akaingia Bi Salha, mama wa bwana harusi, na dada zake, na udi, na dhahabu. Akasalimia wote, akakaa karibu na Bi Tatu, macho yakaenda kwenye bandeji. Akauliza kwa upole, "Mwenzangu, mguu umekuwaje?"

Nilifungua mdomo nitoe mwiba wa samaki. Bi Tatu akanitangulia.

"Saratani," akasema. "Ilikuwa kisiginoni. Imekatwa."

Binti yake, akiwa na liwa usoni, aligeuka akamwangalia mama yake. Ngoma ya nje ilikuwa inaendelea, lakini mle ndani ungesikia hina ikikauka. Dada mmoja wa Bi Salha akamvuta mwenzie mtandio. Bi Tatu hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameshika mkono wa kiti kama mtu aliyepanda boti, na mimi nikawaza kwamba nimemharibia rafiki yangu, kwamba ningemwacha na piko yake.

Bi Salha aliitazama tena ile bandeji. Kisha akavua makubadhi yake yenye nakshi, moja, la pili. Akanyanyua mguu, akaugeuza.

"Mimi nina kidoa hapa tangu nimzae bwana harusi," akasema. "Nasikia daktari yumo humu ndani. Yuko wapi?"

Aika alipita juu ya miguu ya watu na dera lake fupi, akapiga magoti. Akatoa kikurunzi kwenye mkoba. Alitazama bila haraka, akauliza kama kimebadilika, akatazama tena. Akamwambia ni kidoa cha kawaida, kimetulia, ila aje kliniki tukitazame vizuri na tumfundishe kujitazama. Bi Salha akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu huyo kijana wake ananyonya. Akamwambia Bi Tatu, "Pole, dada. Ungeniambia ningekuletea supu."

Ndipo Zuhura akagonga ukingo wa bakuli kwa kijiti chake. Akasema yeye leo hapaki unyayo wowote ambao haujatazamwa, na asiyetaka akapakwe kwingine. Hakuna aliyetaka kwingine, maana hina ya Zuhura inajulikana. Wakajipanga. Mama wazima, mabibi, mashangazi wenye dhahabu mpaka kiwiko, wanamgeuzia Aika nyayo mmoja mmoja na kutaniana magaga. Miezi tuliyotembea na kigoda kichwani hatukuwa tumeona nyayo nyingi hivyo. Mama mmoja wa makamo tulimwita kliniki kwa doa ambalo Aika hakulipenda, akaja, likaondolewa likiwa bado dogo. Biharusi alitazamwa wa mwisho. Alikuwa safi.

Harusi ilifanyika. Bi Tatu alikaa kwenye kiti mbele kabisa, na walipokuja kumtunza mama wa biharusi alicheza kwa mabega.

Tangu hapo Aika alibadilisha kazi yake yote. Badala ya kubisha hodi milangoni, alikwenda kukaa na wapaka hina, mmoja baada ya mwingine, kuwafundisha doa la kuacha na doa la kuleta. Wao ndio wanaanza kutazama, wanamnong'oneza mteja, mteja anakuja mwenyewe bila jina lake kutembea mtaani. Nyinyi mlioajiriwa karibuni mmekuta hivyo mkadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haikuwa hivyo. Ilitoka kwenye swali la mtoto mmoja wa Moshi ambaye nilikuwa namwambia aache kuuliza. Kwa hiyo ulizeni na nyinyi, nimestaafu, hamnichoshi tena. Vijana wapya sasa anawafundisha yeye. Juzi nilimwona anamtazama viatu mmoja aliyekanyaga mkeka. Hakusema kitu. Kijana akavivua.

Bi Tatu anakuja kwa miadi yake. Pale kisiginoni ngozi ya paja haishiki hina kama unyayo wenyewe unavyoshika, inabaki imepauka, na Zuhura kwa kujua hilo haipaki kabisa. Anachora maua yake kulizunguka lile pengo, ili tunapotazama tuone. Bi Tatu anasema ndiyo mtindo mpya na wenzake wa Feri wanamwonea wivu.

Wiki ile mliyoniaga, Zuhura alikuja hapa nyumbani na bakuli lake. Alisema mstaafu hatoki kazini na miguu mitupu. Aika alikuwepo, Bi Tatu alikuwepo ameleta vibua. Nilinyoosha mguu kwenye mkeka nikamwambia anipake haraka, nina chungu jikoni. Zuhura hakuchovya kijiti.

"Geuza, Mama," akasema. "Nione kwanza."

Nilimwambia mimi ndiye niliyewafundisha hayo. Akasema anajua. Akakaa na kijiti mkononi, ananisubiri. Nikageuza. Aika alivuta taa ikasogea, na Bi Tatu akaweka sahani chini, na wote watatu wakainama juu ya nyayo zangu, hii na hii, na katikati ya vidole. Walichukua muda wao. Sikuwaharakisha. Niliongea nao habari za bei ya nazi.

"Safi," akasema Zuhura, akachovya.